Kula nyama hadi ushibe: faida inatoka wapi?

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika mgahawa wa nyama choma wa Kikorea mtaani Koreatown, mjini Los Angeles, Marekani, hudhani mwenyewe atafilisika. Bei ni moja, na nyama inaletwa hadi mteja aseme basi.

Hesabu, hata hivyo, imeshapigwa. Nyama huletwa mbichi na mteja huichoma mwenyewe kwenye jiko lililo katikati ya meza, hivyo gharama ya wapishi inapungua. Imekatwa nyembamba, na nyingi ni kidari cha ng'ombe na nyama ya tumbo la nguruwe, samgyeopsal, inayopendwa mno Korea Kusini kiasi kwamba nguruwe wa huko hawatoshi na nyingine huagizwa Ulaya. Mbavu za ng'ombe, galbi, ni ghali. Mara nyingi hutengewa wanaolipa zaidi.

Kisha kuna vijisahani vya mboga na kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili na vitunguu saumu. Huongezwa bure. Mgeni mwenye njaa huvishambulia pamoja na wali, akashiba kabla jiko halijashika moto!

Mzoefu huanza na nyama isiyo na viungo, kwa kuwa bulgogi, iliyolowekwa kwenye sosi ya soya na sukari, huunguza wavu mapema. Hukifunga kipande ndani ya jani la saladi na kukitia chote mdomoni. Wala haagizi ovyo: migahawa mingi huweka kikomo cha muda, na anayebakiza nyama huweza kutozwa.