Kuku Ilale na Mala Kwanza

Siku ya kwanza nilijaribu kupika stripsi za kuku kejani, Mama Kevo wa mlango wa pili alikuja kugonga akiwa na ndoo ya maji. Alikuwa ameona moshi unatoka kwa dirisha akadhani nimeamua kuchoma ploti yote ya Zimmer nirudi ocha. Nikafungua na mwiko mkononi, macho nyekundu, nyuma yangu sufuria inanguruma. Kwa sahani kulikuwa na vitu sita, nje nyeusi kama makaa, ndani pinki, na ile koti ya ngano ilikuwa imevuka yote ikabaki inaelea kwa mafuta. Mbogi ilikuwa imejaa kwa kitanda ikingoja dishi na mechi. Tulimanga mkate na chai ya rangi.

Sasa, Mama Kevo alikuwa anataka kumwaga. Walai alikuwa ashainua ndoo. Kilichotuokoa ni buda wa nambari tisa, msee hutokanga job mangware, juu anakaangia kuku joint fulani hapo tao, jina niachie. Alitokea na slipa moja.

"Mama Kevo, weka hiyo maji chini. Mafuta ya moto haimwagiwi maji, italipuka iwaruke nyote wawili. Zima gesi, funika sufuria na kifuniko, basi."

Tukafanya hivyo. Moshi ikatulia. Yeye akachukua stripsi yangu moja na vidole viwili, venye mtu hushika panya kwa mkia.

"Kijana, hii kuku uliiosha?"

"Kabisa, mkubwa. Mara tatu."

"Ukaipanguza?"

Nikanyamaza. Mbogi pia ikanyamaza, na hawa wasee hawanyamazangi.

"Ndio hiyo. Wewe umekaanga maji."

Hiyo neno moja imenisaidia kuliko video zote nilikuwa nimecheki na bando ya mbao. Sisi wasee wa mtaa tumeaminishwa siri ya kuku ya kukauka ni viungo. Harland Sanders, yule mzee wa ndevu nyeupe, alijijengea jina na viungo 11, na tangu KFC itue Nairobi 2011 kila mtu anatafuta hizo 11 ni gani. Lakini cheki, huyo mzee kitu ilimtoa kimaisha si viungo peke yake. Kuku yake ilikuwa inachukua muda mrefu kwa kikaango, wateja wanangoja wanaboeka, so mwisho wa miaka ya 1930 akaanza kukaangia ndani ya sufuria ya presha. Alikuwa anapigana na moto, muda na maji. Vitu hizo tatu ndio kesi. Pilipili ni nguo tu.

Wacha nikuchanue venye mimi hufanya sai.

Anza na nyama. Ukiinua kifua cha kuku, chini yake kila upande kuna kamsuli kadogo kamejitenga, laini, kama jani refu, na kamshipa keupe kanapita katikati. Kuku mzima ako nazo mbili tu. Hiyo ndiyo stripsi original. Kuna mkahawa huko Manchester, New Hampshire, Marekani, unaitwa Puritan Backroom, hudai wao ndio walianza kuiuza ikiwa imekaangwa, mwaka wa 1974. Mimi siwezi amua hiyo kesi, nakulanga tu. Kenye najua ni kwamba ukitaka kulisha mbogi ya wasee watano na hizo mbili mbili utachinja kijiji. So nunua kifua bila mfupa, ukate kufuata urefu, upana wa kidole cha kati. Broila. Tafadhali usiniletee kienyeji hapa, hiyo iache kwa supu ya mathe, ukiikaanga chap chap utatafuna hadi Jumatano.

Mimi huenda Burma, hapo karibu na City Stadium, nikiwa na nauli. Nikiwa nimesota nanunua hapa tu kwa bucha ya mtaa. Msee wa bucha alinizoea, ata hanisalimii, anauliza tu, "Vidole ama mzima?" Nusu kilo ya kifua mara ya mwisho alinitoza soo nne, na hiyo inatoa kama stripsi 12 hivi. Kama doo iko, chukua kuku mzima ukate mwenyewe, juu mifupa inabaki ya supu na mabawa yanabaki ya kesho.

Ukifika keja, usioshe kuku kwa sinki. Najua. Mathe alinilea akiosha kuku na ndimu na chumvi na maombi, na nikimwambia hii maneno ananiuliza kama ndio nilipelekwa shule kufunzwa uchafu. Lakini yale maji hurukaruka yanabeba vijidudu hadi kwa vikombe, na vijidudu vyenyewe huuliwa na moto, si mfereji. Panguza na tishu. Panguza tena. Ikitoka imeshikilia tishu kidogo, hapo iko sawa.

Halafu mala. Hapa ndio nilikuwa natupa ubongo, juu kila video ya wasungu inasema maziwa fulani ya chachu, ile hubaki siagi ikitolewa, na mimi nazunguka supamaketi mbili natafuta kitu sijui ata inakaaje. Huko kusini mwa Marekani ndiyo wamekuwa wakilowesha nayo kuku kitambo. Buda wa nambari tisa alicheka hadi akakaa chini. "Kijana, si hiyo ni mala? Nenda kwa duka, pakiti ya nusu lita." Enyewe. Ile asidi ya mala inalainisha nyama mos mos bila kuiua, tofauti na ndimu ambayo ukiisahau kwa kuku nje inakuwa kama imepikwa tayari. Na uzito wa mala unashikilia unga. Jina lenyewe ni maziwa lala, so maziwa imelala, kuku nayo ilale ndani. Mwaga pakiti yote, kijiko cha chai cha chumvi, pilipili manga, punje mbili za saumu zimepondwa. Ukiwa na friji, wacha usiku mzima, ama masaa manne. Kama huna friji, lisaa limoja na upike, usiwache kuku kwa meza mchana kutwa na hii jua ya Nairobi ati inalala. Ikikaa hapo itaharibika.

Unga ni vikombe viwili vya ngano, nusu kikombe cha konflawa, ile nyeupe pee ya kufanya mchuzi iwe nzito, sio unga ya sembe. Kijiko cha chai cha bekingi pauda, kimoja cha chumvi, paprika na pilipili manga mpaka pua iwashe kiasi. Ukitaka kuweka Royco sikukatazi, ila hapo punguza chumvi juu ndani yake tayari iko. Ngano peke yake huvutika kama chapo, konflawa ndiyo inaleta ule ukavu wa kupiga kelele, na bekingi pauda inapuliza vishimo vidogo ndani ya koti.

Alafu kuna huu ujanja mmoja sikuutarajia. Chukua vijiko vitatu vya ile mala imelaza kuku, nyunyizia kwa unga mkavu, usugue na vidole mpaka ufanye vichenga vidogo vidogo. Ukiingiza kuku hapo, ukaikandamiza kwa nguvu kama unamlipiza mtu, vichenga vinashika kila kona. Hivyo ndivyo vinakuwa yale magamba umezoea kuona kwa picha. Bila hiyo utapata stripsi laini kama kidole cha mtoi, na haina mlio.

Sasa ngoja. Hapa ndio niliangukia ile siku ya kwanza. Panga stripsi kwa waya, wacha dakika 15. Utaona zile sehemu nyeupe kavu zinapotea, unga unakunywa unyevu wa kuku unakuwa kama gundi. Ukiruka hii, koti inavuka ikiguswa na mafuta, na utabaki na kuku uchi. Kuku uchi tayari tunayo, iko kwa kioo cha kila kibanda ya chipo kutoka Githurai hadi Rongai, ndio wasee wakaiita kuku porno.

Mafuta. Lita moja ya salad, sufuria ndogo lakini yenye kina, usijaze kupita nusu. Wenye vipimo husema nyuzi 175 ama 180. Mimi nina mwiko wa mbao. Chovya ncha: vikianza kutoka vipovu vidogo vya haraka kuzunguka mbao, iko tayari. Vikitoka kimoja kimoja kwa uvivu, bado, na ukiweka kuku hapo itakunywa mafuta kama mtoi amepata soda ya Krisi. Mafuta ikianza kutoa moshi, umepitiliza, punguza gesi. Pale ndio nilikuwa wakati Mama Kevo aligonga.

Weka nne, tano mwisho. Ukijaza sufuria kama nganya ya saa moja jioni, mafuta inapoa, zinashikana, na unarudi pale pale kwa kukaanga maji.

Kitu ya kusikiza ni mlio. Mara ya kwanza zikiingia ni mvua kubwa kwa mabati, hausikii ata mziki ya jirani. Hayo ni maji ya kuku yanatoroka. Baada ya dakika tatu, nne, mvua inapungua inakuwa manyunyu. Maji mengi ya koti yameisha, na hapo ndipo kunakauka. Toa moja, ivunje katikati: nyama iwe nyeupe mpaka ndani, na maji yake yatoke safi bila pinki. Zingine toa zipumzike dakika tano, uongeze moto kidogo, uzirudishe kwa mafuta dakika moja tu. Hiyo safari ya pili ndiyo inafanya jirani wa juu asikie ukitafuna.

Zikitoka, kwa waya. Sio kwa sahani, sio kwa gazeti, na sio juu ya tishu zimelaliana. Mvuke ukitoka chini ukose pa kwenda, unarudi kwa koti, na kazi yote imeenda. Mimi natumia ule waya wa kuchomea nyama nimeuweka juu ya sinia.

Mbogi ilirudi wikendi iliyofuata, na mmoja amekuja na mkate wake, kwa dharau. Buda wa nambari tisa alipita akienda job nikampatia moja. Aliileta karibu na sikio kwanza. Akavunja. Akatafuna mara mbili, akasema, "Chumvi kidogo tu," akashuka ngazi. Huyo msee hasifii mtu, so hiyo nimeweka kama cheti.

Ya kuchovya usijisumbue. Ukwaju umepikwa na sukari na pilipili, ama mayonesi na tomato na saumu. Asali ukiipasha na pilipili ya kukausha ni noma sana. Kachumbari lazima, juu mafuta inataka kitu chachu pembeni. Chipo pia, na hapo nikumbushe tu: Januari 2022 KFC hapa Kenya iliishiwa chipo juu viazi vyao vilikuwa vinatoka nje na meli ikachelewa, na wasee mtandaoni walichemka kweli, waru imejaa Nyandarua. Wewe huna meli ya kungoja. Mama mboga ako hapo chini.

Hesabu yangu ya mwisho: kuku soo nne, mala sitini na tano, ngano na viungo tuseme soo moja. Salad soo tatu, lakini siimwagi, naichuja ikipoa na naitumia tena mara mbili mpaka ianze kugeuka rangi na kunuka. Mala imebaki na unga umebaki, hizo tupa, zimegusa kuku mbichi, usiingie tamaa ukatengeneze mandazi.

Na kama nimekualika, njoo na soda, njoo na dem wako, njoo ata na maneno mingi. Ila hotipoti wacha kwenu. Msee mmoja alizipakia humo ati zikae moto wakati wa mechi, akafunika. Kipindi cha pili tukafungua, tukapata kuku ya kuchemsha imevaa koti ya uji.