Vakyumu Iliyo Mikononi mwa Mkunga Aliyefundishwa

Mlango wa kizazi umefunguka sentimita 10, kichwa cha mtoto kimeshuka, lakini mama amechoka, hana tena nguvu ya kusukuma, na mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua. Kwa mjamzito wa Makuyuni, ukanda wa Korogwe na Handeni, kupewa rufaa saa hiyo ni kusubiri gari la kwenda Magunga, Korogwe mjini, au Bombo, Tanga. Mtoto hana muda huo.

Hapo ndipo vakyumu inapohitajika: kikombe kinachonata kichwani mwa mtoto kwa kunyonya hewa, ili mkunga amvute nje. Tage Malmström wa Sweden ndiye aliyeipa umbo lililoenea duniani, miaka ya 1950. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kati ya huduma 7 za msingi za dharura ya uzazi, zinazopaswa kupatikana hata pasipo na chumba cha upasuaji. Hata hivyo, katika vituo vyetu vingi haitumiki. Wakunga wanaogopa kulaumiwa, na wengine hawajawahi kuishika.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ilianza mwaka 2012 kuwafundisha watumishi wake upya kutumia vakyumu. Matumizi yakapanda kutoka asilimia 0.6 ya uzazi hadi 2.4. Katika kipindi hicho, watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu walipungua kutoka 34 hadi 26 kwa kila uzazi 1,000. Tangu uamuzi kufanyika hadi mtoto kuzaliwa, vakyumu iliutangulia upasuaji kwa saa nne. Saa nne, tena katika hospitali kubwa ya jiji!

Lakini kifaa hiki kina masharti, na hapo sikubali mzaha. Njia iwe imefunguka yote, chupa imepasuka, kibofu kimetolewa mkojo, mimba imekomaa, na mtoto ametanguliza utosi, si uso wala makalio. Mkunga hupapasa hadi autambue utosi wa nyuma, kisha huweka kikombe sentimita 3 mbele yake, akizungusha kidole pembeni kuhakikisha hakijabana nyama ya mama. Huvuta uchungu unapokuja tu, mama naye akisukuma. Kichwa kisiposhuka kwa mivuto mitatu, au kikombe kikichomoka mara mbili, aache na rufaa ianze. Kung'ang'ania ndiko kunakoumiza.

Mtoto huzaliwa na uvimbe wa duara kichwani. Bibi akiuona hushtuka, lakini kwa kawaida hunywea ndani ya siku moja au mbili. Cha kuogopa ni uvimbe laini unaozidi kutanuka kuelekea shingoni au masikioni huku mtoto akipauka: hiyo ni damu inayovujia chini ya ngozi ya kichwa, na ni dharura. Ndiyo maana mtoto wa vakyumu haruhusiwi kwenda nyumbani haraka.

Mama mjamzito, na wewe mume wake, ukienda kliniki muulize mkunga: hapa vakyumu ipo, na nani amefundishwa kuitumia? Dharura ikitokea, namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, ni 115, bila malipo.