Sidiria isiwe pingu, dada

Je, dada msomaji, umewahi kurejea nyumbani Malindi adhuhuri ya Februari na, kabla hata ya kunywa maji, ukaivua sidiria? Usione haya. Wenzako ni wengi.

Nyanya zetu wa Kigiriama walivaa hando kiunoni, vifua wazi, na kwao haikuwa aibu. Wagiriama walipopigana na Waingereza mnamo Agosti 1914, Mary Phelps Jacob alikuwa bado hajapewa haki ya uvumbuzi wa sidiria yake huko Marekani. Aliipata Novemba 3, mwaka huo huo.

Wapo wanaodai kwamba sidiria huleta saratani ya matiti. Utafiti wa Seattle, Marekani, uliochapishwa 2014 kuhusu wanawake waliokoma hedhi, haukuona uhusiano wowote. Hata hivyo, sidiria inayobana huchuna ngozi na kunasa jasho, na upele ukatokea chini ya matiti.

Basi mama, bintiyo akiivua nyumbani, usimkemee. Mwenye matiti mazito au anayekimbia huenda akaihitaji. Na achague inayomtosha. Mgeni akibisha hodi, leso ipo.