Matofali ya plastiki yanavyojenga kichwa cha treni cha Urusi

Na Mwandishi Wetu

KICHWA cha treni chenye uzito wa tani 120 hakiwezi kuwekwa mezani. Lakini umbo lake, rangi zake na hata mwendo wake kwenye kona vinaweza kuwekwa hapo, iwapo mjenzi ana matofali ya plastiki ya kutosha, subira na hesabu sahihi.

Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na wapenzi wa reli katika nchi mbalimbali, ambao hutumia matofali ya kuchezea ya Lego kutengeneza mifano ya vichwa vya treni vilivyopo kweli. Miongoni mwa vichwa vinavyoonyesha vizuri ugumu wa kazi hiyo ni TEM2, kichwa cha dizeli cha Urusi kilichozoeleka katika stesheni za mizigo na viwanda vya iliyokuwa Urusi ya Kisovieti.

Kwa anayetazama kwa mbali, huo ni mchezo wa watoto. Mjenzi mwenyewe anajua kwamba matofali hayawezi kunakili kila kitu, na kwamba kila kipimo anachokitimiza kinaweza kuharibu kingine. Ndiyo maana uamuzi mgumu zaidi katika kazi hiyo ni kuchagua jambo la kuacha.

Kichwa chenyewe

Jina TEM2 linaeleza kazi ya mtambo huo. Herufi T inatokana na neno la Kirusi teplovoz, yaani kichwa cha treni cha dizeli. E inaonyesha kuwa nguvu ya injini hufikishwa kwenye magurudumu kwa njia ya umeme, na M ni kifupi cha neno linaloeleza kazi ya kuhamisha na kupanga mabehewa stesheni.

Ndani yake mna injini ya dizeli ya silinda 6 yenye nguvu za farasi 1,200. Injini hiyo haizungushi magurudumu moja kwa moja, bali huzungusha jenereta, na umeme unaopatikana huendesha mota 6, moja kwa kila ekseli. Kwa mpangilio huo, kichwa kinaweza kuanza kuvuta mzigo mzito taratibu bila kuhitaji gia kama za lori. Mwendo wake wa juu ni kilomita 100 kwa saa.

Kiwanda cha Bryansk, kusini magharibi mwa Moscow, kilitoa kichwa cha kwanza cha majaribio mwaka 1960. Utengenezaji kwa wingi ulianza mwaka 1967 na kuendelea hadi mwaka 1987. Vingine viliuzwa Poland, ambako vilipewa jina la SM48.

Umbo lake lina historia ndefu zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani iliipatia Urusi ya Kisovieti vichwa vya dizeli vya aina ya RSD-1, vilivyotengenezwa na kampuni ya Alco. Baada ya vita, kiwanda cha Kharkov kiliviiga na kutoa TE1 kuanzia mwaka 1947. Mwaka 1958 Bryansk ikafuata na TEM1, na kutoka hapo ikazaliwa TEM2.

Ndiyo maana TEM2 ina sura ya vichwa vya Kimarekani vya enzi hizo: chumba cha dereva kiko karibu na mwisho mmoja, na mbele yake kuna mwili mrefu na mwembamba unaofunika injini. Pande zote mbili za mwili huo kuna njia ya kutembea yenye reli za kushikia. Mfano usio na njia hizo hauwezi kutambulika kuwa ni TEM2, hata ukipakwa rangi zilezile.

Hesabu ya uwiano

Kazi huanza na hesabu. Umbali kati ya kinundu kimoja na kingine juu ya tofali la Lego ni milimita 8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, na kibamba chembamba kina milimita 3.2, yaani theluthi moja ya tofali. Kila kipimo cha kichwa halisi lazima kigeuzwe kuwa idadi ya vinundu na vibamba.

TEM2 ina urefu wa mita 16.97 na upana wa zaidi kidogo ya mita 3. Wajenzi wengi huchagua upana wa vinundu 8, ambao ni milimita 64. Kwa upana huo, mfano huwa mdogo mara 48 kuliko kichwa halisi, na urefu wake unapaswa kuwa milimita 353, sawa na vinundu 44.

Tatizo hujitokeza kwenye reli. Njia ya reli ya Urusi ina upana wa milimita 1,520. Ikigawanywa kwa 48, hupatikana milimita 31.7. Lakini reli za kuchezea za Lego zina nafasi ya milimita 37.5 kati ya pau zake mbili. Mfano wenye mwili sahihi, kwa hiyo, husimama juu ya njia iliyo pana kuliko inavyostahili.

Mjenzi anaweza kuanza na reli badala ya mwili. Akifanya hivyo, uwiano huwa mdogo takriban mara 40, upana hukaribia vinundu 10 na urefu hufikia 53. Mfano huo unaafikiana na njia yake, lakini ni mzito zaidi, unahitaji vipande vingi zaidi, na hutokeza nje zaidi unapopita kwenye kona. Wengi huona ni afadhali kukosea upana wa njia kuliko kuwa na kichwa kisichoweza kutembea.

Kona ndiyo mwamuzi

TEM2 halisi inaweza kupita kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 80. Kwa uwiano wa mara 48, hiyo ni zaidi ya mita 1.6. Kona ya kawaida ya reli za Lego ina nusu kipenyo cha milimita 320 tu. Hii ina maana kwamba mfano hutakiwa kupinda mara tano zaidi ya kichwa chenyewe.

Sehemu inayoumia kwanza ni magurudumu. TEM2 imebebwa na vigari viwili, kila kimoja kikiwa na ekseli tatu. Umbali kati ya ekseli ya kwanza na ya tatu ni mita 4.2, ambao kwenye mfano ni karibu vinundu 11. Ekseli tatu zilizofungwa kwenye mstari mmoja ulionyooka haziwezi kukaa vizuri juu ya reli iliyopinda.

Hesabu inaonyesha kuwa, kwenye kona ya milimita 320, ekseli ya katikati inapaswa kusogea pembeni kwa takriban milimita 3. Isiposogea, gurudumu hupanda juu ya pau na mfano huanguka. Baadhi ya wajenzi huiacha ekseli hiyo iteleze huku na huko ndani ya kigari. Wengine huiwekea magurudumu yasiyo na ukingo, yanayogusa reli bila kuongozwa nayo. Wapo pia wanaopunguza umbali kati ya ekseli, na hivyo kuacha kipimo sahihi ili treni yao iweze kutembea.

Mwendo na nafasi

Treni za kwanza za umeme za Lego zilitolewa mwaka 1966. Mfumo wa Powered Up, uliotolewa mwaka 2018, hutumia kisanduku cha betri ndogo 6 kinachopokea amri kutoka kwenye kidhibiti au simu ya mkononi. Kisanduku hicho kina upana wa vinundu 4 na urefu wa vinundu 8.

Hapo ndipo wembamba wa TEM2 unapokuwa mtihani. Mwili unaofunika injini lazima uwe mwembamba ili nafasi ya kutembea ionekane. Mjenzi akiupa vinundu 6, akatumia kimoja kila upande kwa ukuta, ndani hubaki vinundu 4 kamili, sawasawa na kisanduku. Hakuna nafasi ya waya kupita pembeni, hivyo hulazimika kupita juu au chini.

Mota ya kawaida ya treni nayo ina ekseli mbili, ilhali kigari cha TEM2 kina tatu. Mjenzi huongeza ekseli ya tatu isiyovuta, au huiweka mota nyingine ndani ya mwili na kupeleka nguvu chini kwa gia. Njia ya pili hutoa sura nzuri zaidi, lakini hula nafasi ambayo tayari ni haba.

Ubavuni, pale penye milango ya injini na matundu ya kupoza maji, mjenzi huyalaza matofali ubavu ili uso laini utazame nje. Jambo hilo linawezekana kwa sababu ya hesabu moja: vibamba 5 vikipandana hufikia milimita 16, ambazo ni sawa kabisa na upana wa vinundu 2. Anayeijua hesabu hiyo anaweza kuchanganya vipande vilivyosimama na vilivyolala bila kuacha ufa.

Vipande visivyopatikana

Kabla ya kununua chochote, wengi huchora mfano wao kwenye kompyuta. Mfumo wa LDraw, uliobuniwa na James Jessiman wa Australia mwaka 1995, uliwawezesha wajenzi kupanga vipande kwenye skrini, na programu nyingine zilifuata. Humo mjenzi huona mapema kama kipande fulani kinakaa, na hupata orodha ya vyote anavyohitaji.

Lakini kuchora si kupata. Kipande kinachofaa kwa umbo kinaweza kuwa hakijawahi kutolewa kwa rangi inayotakiwa. Mtu anayetaka TEM2 ya rangi fulani anaweza kugundua kwamba tofali la mraba lipo kwa rangi hiyo, lakini lile lenye mteremko kwa ajili ya paa halipo. Hubaki na njia mbili: kubadili umbo, au kubadili rangi.

Kwa wajenzi walioko Urusi, upatikanaji wa vipande uliingia ugumu mwingine. Machi 2022, kufuatia vita vya Ukraine, Lego ilisimamisha kupeleka bidhaa zake nchini humo, na Julai mwaka huo ikatangaza kukomesha biashara yake huko. Nchi iliyotengeneza kichwa halisi ikawa miongoni mwa zile ambazo matofali ya kukitengenezea mfano hayaingizwi tena na kampuni yenyewe.

Kipimo cha hapa nyumbani

Hesabu hizo hazihusu treni za Urusi peke yake. Reli ya zamani ya Tanzania ina njia ya upana wa milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067, na reli ya kisasa ya SGR ina milimita 1,435. Kwa uwiano wa mara 48, njia ya TAZARA ingepaswa kuwa na milimita 22 tu, wakati reli ya kuchezea inabaki na milimita zake 37.5. Mjenzi wa Dar es Salaam au Mbeya anayetaka kichwa cha TAZARA angekuwa na pengo kubwa la kuficha kuliko mwenzake wa Bryansk.

Angelazimika kuanza pale wote wanapoanzia: kupima, kugawanya, kisha kuamua ni kipimo gani kitalindwa na kipi kitaachwa. Baada ya hapo mfano huwekwa juu ya reli na kupelekwa taratibu hadi kwenye kona. Ukipita bila kuanguka, hesabu zilikuwa sahihi. Ukianguka, mjenzi huufungua na kuanza upya na ekseli ya katikati.