MAJI YA BAFUNI YATAPITA WAPI?

Watu wengi siku hizi wanajenga bafu la saruji, na wengine wanatandika vigae sakafuni. Vigae hupendeza na husafishika upesi. Lakini vigae haviondoi maji. Maji huondolewa na mteremko wa sakafu, tundu na bomba. Vitu hivi hutengenezwa kabla ya vigae. Vikikosewa, vigae vitavunjwa na fedha itapotea. Kwa hiyo panga njia ya maji kwanza, vigae baadaye.

Hasara za maji yaliyotuama

Maji yakituama sakafuni huleta utelezi. Mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Maji pia hupenya katikati ya vigae na kulowesha msingi. Ukuta wa udongo ukilowa hubomoka.

Maji machafu yakituama nje huzaa mbu. Katika pwani ya Afrika Mashariki kuna mbu wanaopenda maji machafu, nao hueneza matende na mabusha.

Mteremko

Maji hufuata mkondo. Kila mita 1 ya sakafu iteremke sentimita 2 kuelekea kwenye tundu. Kama kutoka mlangoni hadi kwenye tundu ni mita 1 na nusu, mteremko utakuwa sentimita 3. Mlangoni pawe juu, penye tundu pawe chini kabisa.

Mteremko huu utengenezwe katika saruji. Usingoje kuutengeneza kwa vigae. Fundi apime kwa pimamaji. Kama hana, atumie mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyomo ndani. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja.

Tundu au mfereji?

Kuna njia mbili za kukusanya maji:

1. Tundu moja. Sakafu huteremka kutoka pande zote kuelekea kwenye tundu. Vigae vidogo vinafaa zaidi, kwa sababu hufuata mteremko. Vigae vikubwa itabidi vikatwe.

2. Mfereji kando ya ukuta. Sakafu huteremka upande mmoja tu. Vigae vikubwa vinafaa. Lakini mfereji hukusanya nywele na uchafu, kwa hiyo usafishwe mara kwa mara.

Kwa bafu dogo la nyumbani, tundu moja linatosha. Vigae viwe vya kukwaruza kidogo. Vigae vinavyong'aa vinafaa ukutani.

Bomba

Tumia bomba lenye upana wa inchi 2. Weka chujio juu ya tundu ili nywele na vipande vya sabuni visizibe bomba. Chini ya tundu weka bomba lililopinda. Maji kidogo hubaki katika pindo hilo, yakazuia harufu na wadudu. Bafu lisipotumika wiki nyingi maji hayo hukauka. Mimina maji kidogo, na harufu itakoma.

Shimo la maji

Usiache maji yamwagike uani. Chimba shimo, lijaze mawe, kisha ulifunike. Maji yatanyonywa na ardhi. Shimo liwe mbali na msingi wa nyumba. Liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini wa kisima. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo refu halifai, kwa maana litajaa maji.

Mwaka 1988, huko Makunduchi, Unguja, chembe nyepesi za plastiki zilimwagwa katika mashimo ya vyoo yenye maji. Chembe zilielea na kufunika maji, na watu wakapewa dawa ya matende. Mbu na ugonjwa vikapungua sana. Tunajifunza kwamba mbu akikosa maji wazi, hazai.

Jaribio la ndoo moja

Saruji ikikauka, kabla ya kutandika vigae, mwaga ndoo moja ya maji sakafuni. Subiri maji yaishe kutiririka. Palipobaki kidimbwi, mwambie fundi apatengeneze. Usimlipe fedha ya mwisho mpaka sakafu ipite jaribio hili.

Maswali ya kujadili

1. Maji ya bafu lako huenda wapi?
2. Sakafu yenye urefu wa mita 2 iteremke sentimita ngapi?
3. Kwa nini tunamwaga maji kabla ya kutandika vigae?