Kidole Kimoja, Kano Mbili

Kagunga, kaskazini mwa Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya Maweni mjini Kigoma kwa kawaida ni ya majini. Hapo jeraha la kidole hupimwa kwanza kwa nauli na upepo. Ndoano imechoma, mwiba wa mchikichi umevunjikia ndani, panga limeteleza: mtu hufunga kitambaa akarudi kazini.

Kuna matatizo ya mkono yanayokupa muda wa kumtafuta daktari unayemtaka. Kivimbe laini cha kwenye kiwiko cha mkono, au kidole kinachokwama kikishakunjwa, vyote vinaweza kusubiri wiki kadhaa. Usaha ulioingia kwenye ala ya kano hausubiri. Mwaka 1912 Allen Kanavel, daktari wa Chicago, alieleza nyingi kati ya dalili zake, na mpaka leo ndizo zinazofundishwa: kidole kimevimba chote, kimejikunja kidogo, kinauma ukibonyeza kufuata kano, na ukikinyoosha unapiga kelele. Ukiona hivyo usichague daktari; panda boti ya kwanza. Mwenye kisukari aharakishe zaidi. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika habari za wagonjwa ambao mkwaruzo tu, au kuumwa na mdudu, kuliishia kwa kukatwa kidole au mkono kwa sababu walichelewa.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usisimame kwenye cheo. Kuanzia miaka ya 1960 Tanzania iliwafundisha madaktari wasaidizi ambao wamebeba sehemu kubwa ya upasuaji wa wilayani, na wapo wenye mikono mizuri sana. Mimi ningetazama anachofanya kabla ya kushika kisu. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja, na panga linaweza kukata moja huku kidole kikiendelea kujikunja kidogo, kikamdanganya mwenye haraka. Daktari makini atashika pingili ya kati akuambie ukunje ncha. Kisha atavishika vidole vingine vimenyooka, akuambie ukunje kilichoumia. Atagusa pande zote mbili za kidole akiuliza kama unahisi. Haya yote huja kabla ya ganzi, maana baada ya sindano jibu lako la kuhisi halina thamani. Anayetangulia kuchoma, muulize kwa nini. Muulize pia amefanya upasuaji wa namna hiyo mara ngapi, na nani atakuangalia baadaye. Daktari mzuri haudhiki na maswali hayo.

Ganzi yenyewe imebadilika. Kwa miongo mingi madaktari walikatazwa kuchanganya adrenalini na ganzi ya kidole, wakiogopa kidole kufa kwa kukosa damu. Mwaka 2005 Don Lalonde wa Kanada na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 3,110 waliopewa mchanganyiko huo kwenye mkono na vidole. Hakuna aliyepoteza kidole. Faida yake ni kwamba damu hupungua bila mkono kukazwa mpira, na mgonjwa aliye macho anaweza kuambiwa akunje kidole kabla jeraha halijafungwa, daktari akaona kama mshono wa kano unapita vizuri.

Kupona ndiko kunakochosha. Kano iliyoshonwa ikiachwa bila kusogea hunata kwenye ala yake. Ikivutwa kwa nguvu hukatika. Hivyo mgonjwa huvaa banzi, hufanya mazoezi aliyofundishwa, na kwa kawaida husubiri kama wiki 12 kabla ya kuvuta kitu kizito. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku: iliyokatwa sentimita 9 kutoka nchani huomba karibu miezi 3, hata ikishonwa vizuri. Kwa mvuvi wa dagaa anayefanya kazi usiku wa giza, wiki 12 ni karibu misimu mitatu ya giza bila kugusa wavu. Kwa upasuaji usio wa haraka, basi, hesabu hiyo ifanywe pamoja na watu wa mtumbwi kabla ya kupanga tarehe na daktari.