Dawa Zinapovuka Lango: Kazi ya Muuguzi wa Magereza na Mgonjwa Anayerudi Mbezi Luis

Tumchukulie kijana mmoja wa Msakuzi, Mbezi Luis. Ni mfano tu, si mtu fulani. Asubuhi anapanda karandinga pamoja na mahabusu wenzake wa Gereza la Segerea kwenda mahakamani, kesi yake ikatajwe. Amekwisha kumeza dawa za kifua kikuu kwa majuma saba. Kikohozi kimekatika na mwili umeanza kurudi. Mchana wadhamini wanatimiza masharti na hakimu anamwachia kwa dhamana papo hapo. Jioni yuko nyumbani, ndugu wamemchinjia kuku. Dawa zake zimebaki katika zahanati ya gereza, na muuguzi aliyekuwa akimmezesha kila asubuhi atajua kwamba hayupo pale tu jina litakapokosekana kwenye hesabu ya jioni.

Hakuna aliyekosea hapo. Mahakama imetenda haki, gereza limefuata amri na kijana amefurahi kama ambavyo yeyote angefurahi. Hata hivyo, matibabu yamekatika, na katika kifua kikuu kukatika kwa matibabu ni jambo zito.

Muuguzi tunayemzungumzia haonekani sana na umma. Yuko nyuma ya ukuta wa Segerea, wa Keko kule Temeke, au wa Ukonga. Huvaa sare ya Jeshi la Magereza, ana cheo na huitwa afande. Wakati huohuo jina lake limo katika rejesta ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kama la muuguzi mwingine yeyote. Sare inamtaka atii amri, na taaluma inamtaka amtetee mgonjwa. Siku nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja bila shida. Siku yanapogongana, Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, zinatoa jibu lililo wazi: uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, na mtaalamu huyo hashiriki kutoa adhabu ya kinidhamu. Kanuni ya 24 inaongeza jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Inasema huduma gerezani ziwe za kiwango kilekile cha uraiani, tena zipangwe ili matibabu yaendelee bila kukatika, ikitaja kwa majina VVU, kifua kikuu na utegemezi wa dawa za kulevya.

Kuendelea bila kukatika ni rahisi kuandika kuliko kutenda. Mfungwa aliyehukumiwa ana tarehe ya kutoka, na muuguzi anaweza kuihesabu. Mahabusu hana. Anaweza kukaa siku nne au miaka miwili. Anaweza kuhamishwa, kufutiwa mashtaka au kupata dhamana. Gereza la mahabusu kwa hiyo hufanana zaidi na stendi kuliko na wodi: watu huingia jioni na kuondoka alfajiri, na msongamano wao wa usiku, katika vyumba visivyopitisha hewa ya kutosha, ndio hali ambayo bakteria wa kifua kikuu huipenda.

Ndiyo maana kazi ya kwanza hufanyika mlangoni. Kila anayepokelewa huulizwa kuhusu kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Huulizwa pia dawa anazotumia, kifafa, kisukari, ujauzito, majeraha na mawazo ya kujidhuru. Muuguzi mzoefu hatosheki na jibu la kwanza. Mtu aliyeulizwa habari za VVU mbele ya askari na wageni ishirini atasema hana, na kesho atakuwa amekosa dozi ya kwanza. Pazia na sauti ya chini, vitu visivyogharimu kitu, huokoa matibabu mengi kuliko tunavyodhani.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: miwili ya mwanzo kwa dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne kwa rifampisini na isoniazidi. Hatari iko katika ukweli kwamba mgonjwa hupata nafuu mapema mno. Bakteria wengi hufa katika majuma ya kwanza na dalili huondoka, lakini wachache wanaosinzia hubaki. Akiacha hapo, ugonjwa unaweza kurudi, safari hii pengine ukiwa sugu kwa dawa zilezile. Kifua kikuu sugu kina matibabu yake, na Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imejijengea uzoefu wa miaka mingi katika kazi hiyo, ila ni njia ngumu zaidi kwa mgonjwa na ya gharama zaidi kwa taifa.

Tanzania ina historia ya pekee katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, alifanya kazi hapa kuunda utaratibu ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni: makohozi yapimwe, mgonjwa ameze dawa mbele ya msimamizi, na kila jina lifuatiliwe kwenye rejesta hadi mwisho. Styblo mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Utaratibu huo huwafaa sana walio gerezani, maana msimamizi yupo na mgonjwa haendi mbali. Unapolegea ni pale jina linapotoka katika rejesta moja bila kuingia katika nyingine. Kwa maoni ya mwandishi, dawa ya tatizo hili ni kuandika barua ya rufaa siku ileile mgonjwa anapoanza matibabu, wala si siku ya kutoka. Muuguzi amuulize: ukiachiwa kesho, utalala wapi? Ajibu Msakuzi, Makabe au Temboni, na jina la kituo cha afya kilicho karibu liandikwe mapema. Kadi ionyeshe tarehe ya kuanza, dawa na matokeo ya makohozi, na mgonjwa aende nayo mahakamani kila kesi inapotajwa. Haina haja ya kutaja kosa, na ni heri isitaje. Karatasi inayomtangaza mtu kuwa ametoka gerezani huishia mtaroni kabla hajafika nyumbani.

Mgonjwa wa VVU anakabiliwa na tatizo hilohilo, isipokuwa kwake matibabu ni ya maisha. Kwa anayetumia methadoni mambo huenda kasi zaidi. Dawa hii, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye Mwananyamala na Temeke, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Akikamatwa leo, kesho kutwa arosto itakuwa imempata. Muuguzi asiyejua historia yake anaweza kudhani ni malaria au ujanja. Anapotoka baada ya miezi bila kutumia heroini, mwili umepoteza uzoefu, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua. Majuma mawili ya kwanza ya uhuru ndiyo ya hatari zaidi. Aambiwe hivyo waziwazi, bila kumhubiria.

Zipo pia siku ambazo lango hufunguliwa kwa wengi kwa pamoja. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tarehe za msamaha si siri, kwani mara nyingi huangukia Sikukuu ya Uhuru au ya Muungano. Zahanati inayoanza kufunga dawa za mwezi mmoja majuma mawili kabla haitashtukizwa.

Baadhi ya wanaoachiwa Dar es Salaam hawana kwao jijini. Hao hufika Mbezi Luis kwa sababu nyingine: Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa mwaka 2021, ndipo yanapoanzia mabasi ya mikoani. Mtu akipanda basi la Kigoma bila kadi, rejesta ya Dar es Salaam imempoteza, na asipomeza dawa miezi miwili mfululizo atahesabiwa rasmi kuwa amepotea katika matibabu.

Mwingine, kama yule kijana wetu, atajitokeza majuma kadhaa baadaye katika kituo cha afya cha jirani, akikohoa tena, na atasema tu kwamba alikuwa safarini. Muuguzi wa pale hana sababu ya kumhoji alikokuwa. Amuulize kama aliwahi kumeza dawa zilizogeuza mkojo wake kuwa mwekundu, maana rifampisini hufanya hivyo na hakuna anayesahau. Alizimeza kwa muda gani. Na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kisha amweleze kwamba kutaja zahanati iliyompa dawa hizo kutasaidia kupata matokeo yake ya makohozi, na kwamba jibu lake halitatoka chumbani.